Ndugu Kumi na Tisa wa Siméon

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Baridi kali. Soksi mbili kila mguu. Ijumaa miezi yangu mitatu ya majaribio inakwisha. Ofisi ya nidhamu ya chuo inatafuta mkubwa mmoja, na tuko wawili: mimi, niliyetoka Likasi na koti langu la harusi, na Siméon Kambere, mzaliwa wa hapa Butembo, mtu mpole kupita kiasi. Upole wake unanichosha. Nisipopata nafasi hii, huenda mkataba wangu ukaishia hapo, nirudi Likasi kulala kwa baba mkwe. Yeye alishatangaza mbele ya ukoo wote kwamba sitafika mwezi wa nne.

Leo wamegawa kanuni mpya za mwenendo. Kurasa arobaini. Wenzangu wamesoma jalada. Mimi nimefika kifungu cha 14: kila mfanyakazi aandike kwenye fomu ndugu zake wote walio hapa chuoni, mtu asije akasahihisha mtihani wa mpwa wake. Atakayeficha atafukuzwa. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi alasiri.

Nikamchungulia Siméon akijaza yake. Ndugu: hakuna. Hakutumia hata dakika moja. Hapo nimeanza kufikiri.

Yangu sijaijaza. Élodie, mdogo wa mke wangu, yuko mwaka wa kwanza hapa na anakaa kwangu. Lakini shemeji si damu. Nimesoma kifungu mara mbili, hakitaji shemeji. Mara ya tatu sikutaka kusoma.

Jumanne, tarehe 11

Nimepitia orodha za wanafunzi, kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Akina Kambere ni kumi na tisa. Ndugu kumi na tisa! Na yeye ameandika hakuna, kwa mkono usiotetemeka. Wengine hawafanani naye hata kidogo. Labda mama tofauti.

Ripoti yangu ya kumshtaki Siméon imefika kurasa tatu. Nilipokuwa nainakili nikagundua jambo zito zaidi: akina Katungu ishirini na wawili. Na Katibu Mkuu wetu, huyo huyo atakayeamua Ijumaa, ni Madame Jokébed Katungu. 

Je, nimshtaki na yeye? Hapana. Mkubwa hashtakiwi, mkubwa husaidiwa. Nimetia karatasi ya pili ndani ya bahasha ya ripoti. Nimemwambia kwa heshima kwamba wadogo zake ishirini na wawili nimewaona, na kwamba anaweza kutegemea ukimya wangu, hasa Ijumaa. Barua safi sana. Madame yuko mkutanoni Beni, anarudi Alhamisi. Vagheni, sekretari wake, ameiandika bahasha kwenye rejista na kuipiga muhuri. Nimelala mchana bila wasiwasi.

Jumatano, tarehe 12

Nimekwisha.

Saa sita nilimkuta mama mwenye nyumba, Mama Kavuo, uani kwake mtaa wa Bulengera, akimenya viazi vilivyotoka Masereka. Nikajisifu kidogo. Nikamweleza habari ya ukoo ulioteka chuo. Kisu kikasimama. Akaniuliza kama huko kwetu hakuna mtu wa kumwelimisha mgeni. Kisha akaeleza polepole: hapa kwa Wanande mtoto hupewa jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa. Kila nyumba ina Kambere wake. Jina halisemi ukoo, linasema ulitanguliwa na wangapi.

“Mimi niko Kavuo,” akasema, “na ule mama wa ng'ambo ya barabara iko Kavuo. Hata salamu hatupashanaki.”

Nikauliza kwa sauti ndogo kama Katungu nalo ni hivyo hivyo. Hivyo hivyo. Akarudi kwenye viazi, mabega yakicheka.

Nikapanda pikipiki mpaka chuoni. Nimemwambia Vagheni kwamba tarehe ya barua ina kosa. Akanipa kalamu niandike nyingine ya kusahihisha. Nikasema nimesahau kadi yangu ya uraia ndani ya bahasha. Akaiinua dirishani, akaikagua kwenye mwanga: karatasi tu, kadi hakuna. Nikajitolea kuzipeleka barua zote za Madame mpaka Beni mimi mwenyewe, bure. Akanitazama kama mgonjwa.

“Monsieur Bertrand, barua yenye imeisha kuingia mu registre, hapana kutoka.”

Basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikuwa na hamu ya kula. Viazi nimevimaliza hata hivyo.

Alhamisi, tarehe 13

Madame amerudi na matope mpaka magotini, njia ya Beni imeharibika pale Kalunguta. Nilitumaini uchovu utamzuia kusoma. Amebeba barua zote ofisini na kufunga mlango.

Nikasimama koridoni nikisoma tangazo la mtihani wa mwaka juzi. Ndani kimya. Kisha kitu kama kikohozi. Kisha Siméon akaitwa, na vikohozi vikawa viwili. Vagheni ametoka na kuniambia nifike kesho saa tatu. Midomo ameibana sana.

Nyumbani nimeanza kukunja koti. Élodie akataka kujua kwa nini. Nikamweleza yote, pamoja na fomu ambayo sijaijaza. Akaniuliza ni nani kati yetu aliyeajiriwa kulinda kanuni. Nikaendelea kukunja. Ninaogopa, na leo siwezi kujidanganya.

Ijumaa, tarehe 14

Madame kiti cha kati, Siméon pembeni, barua yangu mezani.

“Mais Monsieur Bertrand,” Madame akaanza, “njo kusema mama yangu alizala makumi mbili na tatu, na hakuniambiaka?”

Wakacheka mpaka Madame akavua miwani. Nikacheka na mimi, kwa adabu. Hapo akaacha. Akasema kumuuzia mkubwa ukimya ili upate cheo ni kosa kubwa kuliko kuficha binamu. Kisha akauliza fomu yangu iko wapi, na akatoa karatasi nyingine: fomu ya wanafunzi. Élodie alikuwa ameijaza tangu Jumatatu, kwa mwandiko wake mzuri: Monsieur Bertrand, ofisi ya nidhamu, shemeji yangu, ninakaa kwake.

Mkuki kwa nguruwe.  Akilini nilimwona baba mkwe akinifungulia mlango, akitabasamu.

Aliyesema ni Siméon. Alisema sasa ni saa tatu na nusu, na mwisho ni saa kumi, kwa hiyo mtu huyu hajaficha kitu bado. Akaongeza: “Mugeni hajue inchi kwa siku moja, Madame. Tumuache.”

 Madame akanisogezea kalamu. Nimeandika jina la Élodie kwenye fomu yangu.

Uamuzi: Siméon ni mkubwa wa nidhamu. Mimi ninapewa onyo kwa maandishi, na miezi mitatu mingine ya majaribio, chini yake. Nimebaki! Nimetoka nje nikavuta hewa yote ya Butembo, vumbi na moshi wa pikipiki pamoja. Sijawahi kufurahia kushindwa namna hii. Nimemshukuru Siméon, na nilimaanisha. Élodie nimemnunulia mikate ya mafuta. Nimempigia mke wangu, amesema asante Mungu mara nne. Nimeapa kutomchunguza mtu tena.

Jumatatu, tarehe 17

Siku ya kwanza chini ya Siméon. Amenipa meza ya dirishani, na yeye amekaa penye giza. Mtu mwema kweli.

Saa tatu mwanafunzi ameingia na kumwita papa, yaani baba. Sikujali. Saa nne wameingia wawili: papa, papa. Kufika saa sita nimehesabu saba, sura saba mbalimbali, na mmoja ana ndevu. Nimeangalia tena fomu yake. Watoto walio chuoni: hakuna.

Nimenunua daftari la kuwaandika. Mimi nami wameniita papa leo, mara mbili, lakini hiyo ni heshima tu.