Kutekwa kwa Kichwa cha Kasimiri

Njoni, enyi watu wa Chemchem, nanyi wa Mtendeni mnaofunga maduka kabla ya jua kuchwa, nanyi mliotoka Puge na vikapu vya karanga vichwani. Tueni mizigo, watulizeni watoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Hapa havitajwi vita vya watemi wala kazi ya kutandika reli, maana hayo yana wasimulizi wake. Hapa panasimuliwa jinsi Apolinaria, mjane wa Alois kinyozi, alivyokiendea kichwa cha shemeji yake Kasimiri kwa wembe mmoja na beseni la maji, akakiteka chote, toka paji la uso hata kisogo.

Alois, Mungu amrehemu, alikuwa kinyozi wa mji huu toka Waingereza walipoingia bomani, na kibanda chake cha nyasi kilikuwa kando ya njia iendayo sokoni. Aliwanyoa maharusi na mahabusu kwa wembe uleule na maneno yaleyale matamu. Alicheka kabla mteja hajafika mwisho wa utani wake. Wala hakukubali mtu aende kanisani na kidevu kilichoota majani, hata kama mtu huyo hakupenda kwenda. Alifariki kwa homa katika mwaka uliofuata ule wa nzige, na mji aliouweka nadhifu miaka yote ukaachwa na nywele timutimu na huzuni kubwa.

Sasa desturi ya ukoo wake ilikuwa hivi: matanga hayaanuliwi mpaka wafiwa wanyolewe, na wa kwanza kunyolewa ni kaka mkubwa wa marehemu. Kabla ya hapo mjane hashiki jembe. Nayo mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha nyesha, majirani wameinama mashambani toka alfajiri, na shamba la Apolinaria limelala, linaota magugu. Mbegu zisipoingia ardhini juma lile, watoto wake wangekula nini mwaka wa pili?

Na kaka mkubwa ndiye Kasimiri. Kasimiri mwenye shingo ngumu, msahihishaji wa mapadri, mtu ambaye ukimwamkia asubuhi hukujulisha kwamba umekwisha kuwa mchana! Yeye alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba hakuna wembe utakaogusa kichwa chake isipokuwa ulioshikwa na mdogo wake, na kwa kuwa mdogo wake yu kaburini, basi nywele zitamfuata na yeye kaburini.

Wa kwanza kuingia vitani alikuwa Nassibu, kinyozi wa Mtendeni, aliyekuja kwa kumheshimu marehemu, kanzu imepigwa pasi na wembe umenolewa. Alipaka sabuni, akainua mkono. Na papo hapo Kasimiri akaruka kutoka kigodani, beseni likapaa, maji yakawalowesha mashangazi, na Nassibu akarudi nyuma na povu katika ndevu zake, akisema kwa adabu kwamba vichwa vingine ni vya kumwachia Mwenyezi Mungu.

Ndipo Apolinaria akainuka penye mkeka.

"Shemeji Kasimiri," akanena, "mvua imenyesha, na shamba la ndugu yako limelala. Kaniki hii ya msiba nimeifua mpaka imepauka. Wembe ni wake, beseni ni lake, na mkono huu ndio uliompikia. Kaa. Ukikimbia, utakuwa umekimbia mbele ya watoto wake."

Kasimiri alijibu kwa hotuba ndefu juu ya hadhi ya wazaliwa wa kwanza, lakini miguu yake ikaona haya, akaketi, akakishika kigoda kwa mikono miwili.

Apolinaria hakuwahi kumnyoa mtu. Ila miaka mingi alikuwa amekaa nyuma ya kile kibanda akibambua karanga, naye alijua kwamba Alois hakuinua wembe juu ya kichwa hiki kabla ya kuanza kusimulia safari ya ujana wao, akadhani ni mazoea tu ya ndugu. Basi akaanza: "Mlipochukua mizigo kwenda pwani, mkafika Ugogo, kirangozi aliyeongoza msafara wenu akashikwa na chawa..."

"Ni katika pori la Mgunda Mkali," akasema Kasimiri. "Ugogo tulikuwa hatujafika."

Apolinaria alikuwa amekosea kwelikweli, maskini. Lakini aliona kwamba shemeji yake anaposahihisha, shingo hutulia kama nguzo ya nyumba, na wembe ulikuwa umekwisha pita toka paji hata utosini bila yeye kutikisika. Akaelewa. Toka hapo hakukosea tena bila kukusudia.

Akasema mizigo ilikuwa ya pembe. Kasimiri akamwambia ilikuwa ya nta, ikiwayeyukia mabegani kwa jua, na upande wa kushoto wa kichwa ukaanguka. Akasema kirangozi alinyolewa kwa kisu. Akaambiwa ni kwa kigae cha chupa, Alois alikinoa juu ya jiwe usiku kucha, na kwa furaha ya kuondolewa chawa kirangozi akamtua mzigo palepale. Upande wa kulia nao ukasalimu amri.

"Tangu hapo Alois akatembea mikono mitupu hadi Bagamoyo," akasema Apolinaria.

"Uongo," akasema Kasimiri, na sauti yake ikashuka. "Aliuchukua mzigo wangu. Miguu yangu ilikuwa imepasuka, nami nilikuwa kaka yake."

Watu wakatazama chini. Apolinaria naye macho yalimlowa, lakini hakuusimamisha mkono, kwa kuwa kisogo kilikuwa bado hakijatekwa. Akasema, "Nawe ukawakataa vinyozi wengine wote kwa kumheshimu tu, maana huogopi kitu."

Kasimiri akazidi kukikaza kigoda.

"Hapo umekosea zaidi, shemeji. Naogopa wembe. Naogopa toka utotoni. Alijua, ndiyo sababu alinisimulia safari ile kila mara mpaka amalize, wala hakumwambia mtu."

"Hata mimi hakuniambia," akasema Apolinaria, akiufuta wembe kwenye kitambaa. "Nami nimekwisha maliza."

Kasimiri akapeleka mkono kichwani. Palikuwa na damu mahali pawili, na kishungi kimesalia nyuma ya sikio, na matuta kila upande. Akakipapasa kichwa chote polepole, akaanza kucheka. Na ua ule, ambao haukusikia kicheko toka siku ya mazishi, ukacheka naye hata mashangazi wakashikana. Kisha mzaliwa wa kwanza akasimama na kuamuru kwamba vichwa vingine viletwe, na anayeogopa akae karibu yake, atamsimulia.

Jioni ileile Apolinaria alichukua jembe, akaingia shambani. Wako wanaohesabu miaka ya Unyanyembe kwa vita, kwa njaa na kwa nzige; na wahesabu. Chemchem walihesabu kabla na baada ya kunyolewa kwa Kasimiri, na katika mwaka wa kwanza wa hesabu hiyo, mahindi yalikubali.