Baiskeli Imara Kuliko Zote

Jumapili, 9 Juni

Nimepoteza haki ya kumchagulia mjukuu wangu baiskeli yake ya kwanza. Imepotea leo saa nne asubuhi, kwenye simu, nikiwa na uji mdomoni. Binti yangu kasema wameshakubaliana. Atachagua bibi wa upande wa pili, yaani mama mzazi wa mkwe wangu. Muuguzi mstaafu. Bado anaitwa Nesi. Kazi imemwachia, jina limegoma.

Nikauliza, kwa nini yeye? Binti akaitaja bembea niliyomtengenezea mtoto. Mwaka mzima umepita, bado bembea! Bembea ile ilikuwa imara. Mti ndio haukuwa imara.

Mjukuu anatimiza miaka mitatu Jumapili ijayo. Tunamwita Tingatinga, maana akikuta kitu njiani hakizunguki, hukisukuma. Mimi ndiye fundi wa chuma katika familia hii. Nilianza na nyundo ya kuazima, leo nusu ya mageti ya mtaa huu nimeyachomelea mimi na hakuna lililowahi kulala chini. Lakini baiskeli ya mtoto nimpishe mtu wa sindano.

Sawa. Nimesema sawa. Sijasema ndiyo.

Jumatatu, 10 Juni

Dukani kwa muuza baiskeli. Nimejifanya napita tu.

Nimezikalia tatu. Mbili zimelia. Muuzaji akasema mzee, hizo ni za watoto. Nikamwambia geti nalo halikutengenezwa lipandwe na mwizi, lakini mimi hulipanda kabla ya mwizi.

Nesi kanitangulia! Alikuja juzi na utepe wa fundi cherehani, akiwa ameshampima mtoto miguu. Kachagua nyekundu ya inchi kumi na mbili, ili mtoto akikaa nyayo ziguse chini. Ina kikinga cha mnyororo na vigurudumu viwili vya pembeni. Kilo sita. Nina makomeo mazito kuliko hiyo.

Zilikuwa mbili za aina moja. Nimechukua ya pili. Tuone.

Halafu nikagundua ubovu. Vigurudumu vya pembeni havigusi chini! Pengo la upana wa kidole, kila upande. Muuzaji kaapa kwamba ndivyo inavyotakiwa, vining'inie kidogo ili gurudumu kubwa la nyuma liume ardhi. Nikamwambia hewa haijawahi kubeba mtoto. Akanitakia siku njema mapema mno.

Jumanne, 11 Juni

Karakana. Nimeng'oa vyuma vya pembeni vya kiwandani. Vimepinda kwa mkono, kama kijiko cha plastiki. Nimeweka bapa la chuma cha geti, unene wa milimita sita. Boliti nimezitupa. Boliti hulegea. Nimechomelea.

Kisha pimamaji yangu, ile ninayotegea milango. Nimeshusha vigurudumu vyote viwili mpaka vikawa sawasawa na gurudumu kubwa. Kiputo katikati kabisa. Hakuna kuyumba, hakuna pengo. Nimesimama nikaitazama muda mrefu.

Mke wangu kaja na chai. Kauliza kama ni baiskeli ya mtoto au mlango wa benki. Mwenye kucheka na acheke.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeongeza nondo chini ya fremu. Na egemeo la mgongo. Na bampa. Nimeipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kupima. Kilo ishirini na tatu. Tingatinga mwenyewe ana kumi na nne.

Mnunuzi kauliza nauza lini. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 14 Juni

Mkakati. Sherehe ni saa nane mchana Jumapili. Mimi nitafika saa mbili asubuhi. Mtoto hupenda cha kwanza kukiona, ndivyo alivyo. Akishaikalia yangu, Nesi atabaki na pambo. Binti nimemwambia naleta stuli. Kaguna.

Jumapili, 16 Juni

Mambo hayakwenda. Naandika kwa utulivu.

Mwenye teksi aliiinua mara moja, akairudisha chini, akasema yeye ana familia. Nimepata mkokoteni. Nimefika saa nne.

Nesi alikuwa sebuleni, na kanga ya kulalia. Alikuja jana jioni na begi! Kalala humo humo. Kanikaribisha kana kwamba ni kwake. "Karibu mkwe, umechelewa, chai imepoa." Mwanamke yule hana aibu hata kidogo. Mpango wa kuwahi ulikuwa wangu.

Lakini mtoto alikuwa bado anaogeshwa. Mkwe na mimi tukaishusha baiskeli uani, mkwe kashika kiuno, kasema baba, stuli hii ina mizigo ndani? Nikaiweka katikati ya ua, mbele ya ile nyekundu. Nimeipaka rangi ya fedha, jua likaipiga. Tingatinga katoka na maji masikioni, akapiga kelele, akaja kwangu mbio. Kwangu! Nesi kaona. Nilihakikisha kaona.

Nikampandisha. Haikutikisika. Akaanza kukanyaga pedali.

Gurudumu la nyuma likazunguka vizuri sana. Likazunguka, likazunguka. Baiskeli ikabaki pale pale.

Ua ule una bonde dogo katikati, mahali maji ya mvua yanapopitia. Vigurudumu vya pembeni vilikuwa vimekaa kingo mbili, imara kabisa, na gurudumu kubwa lilikuwa hewani juu ya bonde. Upana wa kidole, labda. Mtoto akaendelea kukanyaga kwa bidii, ulimi nje. Baada ya muda akauliza:

"Babu, tumefika?"

Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha wote.

Nesi akasema taratibu kwamba hospitalini walikuwa nazo za namna hiyo, za wagonjwa wa magoti. Akaongeza: "Usijali mkwe, hiyo mwizi hataondoka nayo." Mke wangu, niliyemlisha miaka yote hii, alilazimika kukaa chini.

Nikasukuma. Ikatoka bondeni, ikaingia kwenye nyasi, ikazama. Tingatinga akashuka, akaipigapiga kama mtu anavyompigapiga ng'ombe mgonjwa, akapanda nyekundu. Ikaenda. Inayumba, inagonga kushoto, inagonga kulia, ka-ka-ka, sauti ya aibu. Ikafika mpaka getini.

Geti lile ni langu, niliwapa siku ya harusi. Zito. Mtoto kaligonga kwa gurudumu, kageuka, kawapita wote kwa macho, baba yake, mama yake, Nesi, kaita: "Babu! Njoo unifungulie!"

Nikaenda kufungua. Tukatoka mimi na yeye mpaka kwenye kona, na kurudi. Nilishika nyuma ya kiti muda wote kwa sababu kitu kile si salama. Aliniambia hadithi ndefu kuhusu mbwa. Sikuielewa. Tulirudia tena mara tatu.

Hasara tupu, siku nzima.

Jumatatu, 17 Juni

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani, mimi ni fundi.

Nimelala nikilifikiria jambo hili, na kosa nimelipata. Asubuhi nimekwenda na pimamaji, kabla hawajaamka, nikapima ua kutoka ukutani hadi getini. Kiputo kimekimbilia pembeni kama kimeona nyoka. Ua umepinda! Baiskeli haina tatizo lolote. Mtoto wangu mwenyewe anaishi kwenye ardhi iliyopinda na hakuna aliyeniambia.

Dawa ni zege. Ua mzima, ukuta hadi ukuta, unene wa inchi nne, nondo chini. Nikishamaliza, Tingatinga atateleza kama maji. Nimemwambia mkwe alipotoka kwenda kazini. Kasema "tutaona, baba", akaingia garini haraka.

Tutaona si jibu. Tutaona ni neno la mtu anayetaka kumuuliza mama yake.

Kwa hiyo nimemtumia ujumbe, nao nauandika hapa ili asije akasema hakuupata: Mkwe, nimwage zege au nisimwage? Neno moja, ndiyo au hapana. Nalitaka kabla ya saa sita mchana Jumatano.

Lori la kokoto linafika Jumatano hiyo hiyo, saa tano.