Mtaalamu wa Upande wa Kushoto

Profesa hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje kwa sababu benchi lile lilikuwa na kivuli, maji ya kunywa ya bure na, zaidi ya yote, watu wenye shida. Kwa mtu wa kazi yake, shida za watu ndizo shamba. Uprofesa wenyewe alijitunuku siku aliyookota fremu ya miwani isiyo na vioo, akaivaa, na mwenye duka akamwita mheshimiwa. Tangu hapo alikuwa akiivua kwa kulala tu.

Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa wazi. Ndani, daktari wa viungo, mama mwenye sauti ya kupenya, alikuwa akimweleza kijana mmoja nadhifu habari za shangazi yake.

"Macho yake ni mazima," alisema. "Kiharusi kimepiga upande wa kulia wa ubongo, na sasa ubongo umeacha kushughulika na upande wa kushoto. Ndiyo maana anakula nusu ya sahani halafu analalamika mmempunja. Ukikaa kushoto kwake, kwake wewe hupo."

"Na hakuna dawa?"

"Kuna mazoezi. Bandika utepe mwekundu kushoto kwake. Kabla ya kula, kabla ya kusoma, ageuze kichwa mpaka auone. Kila siku, hata akinuna. Nimemwambia mwenyewe, akasema nisimfanye mtoto. Pia tuna utafiti hapa. Tunaweka vibandiko kichwani na kupitisha umeme mdogo sana kuuamsha ubongo, bila kupasua chochote. Wapo waliopata nafuu, wapo ambao hawakupata. Siahidi kitu, lakini tunaweza kumwandikisha."

"Kwa hiyo... anaweza kupona?" kijana aliuliza.

Mtu mwingine angesikia tumaini katika swali lile. Profesa, aliyekuwa akila kwa masikio yake, alisikia hofu. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi la suruali, akamfuata kijana hadi nje ya geti.

"Samahani, ndugu yangu. Nimesikia habari za mama yetu. Mimi ni Profesa wa umeme wa kichwa. Mashine hiyo hiyo ninayo, na mimi huja hadi nyumbani."

Kijana alimtazama kuanzia viatu, ambavyo soli zake zilikuwa zimeomba talaka, mpaka usoni. Kisha akanyoosha kidole na kukipitisha taratibu ndani ya fremu ya miwani mpaka kikagusa kope.

"Wewe ni tapeli," alisema.

Profesa alipima umbali wa kona ya karibu.

"Usikimbie. Wewe ndiye ninayekutafuta."

Tapeli wa miaka mingi huzoea kutukanwa na kufukuzwa, lakini kutafutwa ni heshima adimu, na Profesa alisimama kuipokea. Mpwa yule akaeleza bila haya. Shangazi alikuwa na nyumba nzuri ya kona, na ndugu wa karibu alikuwa yeye peke yake. Mwisho wa mwezi wakili wa familia angekuja kupima kama shangazi bado anaweza kusimamia mambo yake. Akishindwa, mpwa angekuwa msimamizi. Mnunuzi wa nyumba alishapatikana, na shangazi angetafutiwa kitanda mahali pa kutunzia wazee.

"Nisipomtibu, watu watanisema," alimalizia. "Nikimpeleka hospitali, si umesikia mwenyewe? Anaweza kupona! Nataka matibabu ya kuonekana, yasiyotibu."

"Umefika," alisema Profesa kwa unyenyekevu. Maisha yake yote aliuza bidhaa mbovu kwa watu waliotaka nzima. Hii ilikuwa mara ya kwanza mteja kuagiza mbovu kwa jina lake.

Mashine ilikamilika jioni ile ile. Kofia ilikuwa ya plastiki ya saluni, yenye matundu, na nyaya zikachomekwa kila tundu. Kisanduku kilikuwa na taa nyekundu, na ndani yake mashine ya kunyolea isiyo na meno, ambayo kazi yake ilikuwa kunguruma. Umeme haukufika kichwani hata kwa bahati mbaya. Profesa alikuwa tapeli, si muuaji.

Shangazi alimpokea sebuleni, kwenye kiti chenye mgongo mrefu, fimbo imelala magotini. Zamani alikuwa mnadi. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama yeye na nyundo yake, na sauti ile ya kuuzia makabati na vitanda vya watu haikuguswa na kiharusi. Upande wake wa kulia palikuwa na dirisha. Upande wa kushoto palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake saa ya shaba, kisanduku cha vijiko vya fedha na mapambo mengine ambayo Profesa aliyathamini kabla hajamaliza kusalimia.

"Unatoka wapi wewe, mwanangu?"

"Kwenye sayansi, mama."

"Mbali huko. Haya, nivishe hiyo ndoo."

Kofia ilivaliwa, taa ikawaka, kisanduku kikanguruma kwa fahari, kisha betri zikakata pumzi. Profesa alibaki na saa nzima ya kujaza na hana cha kujazia. Hapo ndipo alipokumbuka maneno ya hospitalini. Akatoa mfukoni utepe mwekundu, akaubandika kwenye ukingo wa kabati.

"Sasa umeme umeshaingia, mama. Ili usitoke, geuza kichwa kushoto mpaka uone utepe."

"Utepe gani? Hapa hakuna utepe."

"Geuka zaidi."

"Nimegeuka! Yule mama wa hospitali naye alinipa haya haya, nikayaona ya kitoto. Kumbe yanataka kofia." Akajitahidi tena, shingo ikamkakamaa. Hakuuona. Midomo ilimtetemeka kidogo, naye akaificha kwa kukohoa.

Profesa alimhurumia. Huruma yake, hata hivyo, haikuwahi kumzuia mkono. Akaupitisha kushoto kwa shangazi, juu chini. Shangazi hakupepesa jicho. Akafungua kabati, akatoa saa ya shaba, akaitia ndani ya mkoba wake uliokuwa sakafuni upande huo huo. Saa ikagonga humo ndani, na shangazi akasema tu kwamba wakati unakwenda mbio.

Mpwa alipoingia, wawili hao walisimama pale pale kushoto na kuongea kama walio nyuma ya ukuta.

"Anaona chochote?"

"Hata nyumba ikihamishwa."

"Safi. Endelea hivyo hivyo mpaka wakili aje."

Profesa alikuja kila asubuhi. Kofia, kunguruma, kimya, kisha mazoezi, maana hakuwa na kingine. "Geuka mama, geuka, usiniangushe!" Shangazi alimlipa kwa hadithi za mnada: jinsi alivyomuuzia mtu kiti chake mwenyewe, jinsi wanunuzi wawili wenye tamaa walivyo bora kuliko mmoja, kwa sababu kila mmoja anamtazama mwenzake na hakuna anayemtazama mnadi. Profesa alicheka mpaka fremu ikamteleza. Alianza kufika mapema, na alipojiuliza sababu alijijibu kwamba ni kwa ajili ya vijiko.

Asubuhi moja shangazi aligeuza kichwa, akakaza macho.

"Kuna kitu chekundu," alisema polepole. "Kwa mbali. Kama kinakuja kinaondoka."

"Eeh!" Profesa aliruka na kupiga makofi. "Umekiona! Mama, umekiona!" Halafu akaukumbuka mkataba wake, na mikono ikamwanguka.

Shangazi alimwangalia. "Ah, labda macho tu," alisema. "Kimeshapotea."

Toka siku hiyo hakuona tena kitu, au ndivyo alivyosema. Profesa aliendelea kuhimiza kwa nguvu ambazo uongo haujawahi kumpa.

Jambo la ajabu lilikuwa kabati. Lilipaswa kukonda, lakini lilizidi kunenepa. Profesa alichukua bilauri za kioo, kesho yake akakuta saa nzuri ya mkononi mahali pake. Akaichukua. Akakuta viatu vya ngozi. Akakuta koti la kijivu lenye bitana ya hariri, limekunjwa vizuri rafu ya chini. Aliamua ni vitu vya marehemu mume wa shangazi, akamshukuru marehemu kwa kuvaa namba yake ya kiatu. Mpwa naye alikuwa akinung'unika kwamba chumbani kwake vitu vinapotea, na lazima ni yule dobi. Profesa alimsikitikia sana. Watu wa siku hizi si waaminifu, alimwambia.

Siku ya wakili ikafika. Profesa alijua kwamba angetakiwa kusema maneno mawili matatu kuhusu mgonjwa asiyetibika, na mtu wa kusema maneno hayo hawezi kuvaa viatu vilivyoachana na soli. Akavaa vya marehemu. Akavaa koti la marehemu na saa ya marehemu, akapita mbele ya kioo cha duka, na kwa mara ya kwanza akajiamini mwenyewe.

Aliwahi kabla ya wengine, akakitia kisanduku cha vijiko mkobani chini ya mashine, kofia akaiacha mezani, akaufunga na kuuweka mahali pake pa siku zote. Kisha akamwacha shangazi kitini, akatoka kumpokea wakili mlangoni, kwa mikono miwili, kama mwenye nyumba.

Wakili alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye kalamu mbili. Aliketi, akafungua karatasi zake. Mpwa akaingia kutoka chumbani, uso ameuandaa kwa majonzi. Akamwona Profesa. Majonzi yakakwama.

"Hilo koti," alisema.

"La kawaida tu," Profesa alijibu kwa staha.

"Ni langu! Na viatu! Na hiyo ni saa yangu! Mwizi wewe! Nimekulipa umharibie shangazi matibabu asipone, kumbe unaniibia mimi?"

Kalamu ya wakili ilisimama juu ya karatasi.

"Rudia," alisema wakili. "Ulimlipa afanye nini?"

Mpwa aliutafuta mlango kwa macho. Shangazi aligonga fimbo sakafuni mara moja, kama anayefunga mauzo.

"Mwanangu wakili, sogeza kiti. Hamia huku kushoto kwangu, nataka nikuone vizuri."

Wakili alihama. Shangazi aligeuza shingo polepole, akamtazama usoni. Akaomba karatasi, akachora saa ya ukutani, kama hospitali wanavyowapima wagonjwa, na namba zote zikakaa mahali pake, za kulia na za kushoto. Mstari wa duara ulitetemeka, lakini ulizunguka wote. Kisha akasoma barua aliyopewa na wakili, tangu ukingo mpaka ukingo.

"Nyumba yangu siuzi," alisema alipomaliza. "Wewe mpwa wangu, vitu vyako nilikuwa navihamisha mwenyewe kwa mkono huu wa kulia, kimoja kimoja, ukiwa bafuni. Mlikuwa mnasimama hapa mnapanga kunitoa kwangu, kana kwamba masikio nayo yamehamishwa. Kafungashe kilichobaki."

Mpwa alitoka. Sasa shangazi alimgeukia Profesa, na Profesa akatamani angekuwa bado upande usioonekana.

"Vua."

Alivua koti, saa na viatu. Wakili alitaka kuita polisi, lakini shangazi alinyanyua kidole.

"Huyu mwache," alimwambia, kisha akamtazama Profesa. "Unajua kitu cha kwanza nilichokiona upande huu, baada ya miezi ya giza? Ni huo utepe. Cha pili ni mkono wako, ndani ya kabati langu. Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikakumbuka ulivyopiga makofi." Sauti ya mnadi ilikatika kidogo, akaiokota. "Saa yangu ya shaba utaileta. Kofia inabaki. Nenda."

Profesa alichukua mkoba wake, akainama mpaka fremu ikateleza hadi ncha ya pua, akatoka peku. Hakukimbia mpaka alipopita geti. Huko kona alijibanza ukutani huku akicheka peke yake, maana mkoba ulikuwa mzito na vijiko vya fedha havikuulizwa na mtu.

Akaufungua. Ndani palikuwa na kisanduku chake kilichokufa betri, viatu vyake vya zamani, vile alivyovitoa mkobani asubuhi ile na kuvisukuma chini ya kiti kupisha vijiko, na, mahali pa vijiko, nusu tofali. Tofali lilikuwa limefungwa utepe mwekundu, fundo zuri la mikono miwili, upande wa kushoto umelegea, kama uliovutwa na mkono ulio bado dhaifu.

Katika maisha yake yote alikuwa ameponya mtu mmoja, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Akavaa viatu vyake, akaufunga utepe kwenye kifundo cha mkono, akaenda kuitafuta saa ya shaba kwa yule aliyemuuzia.