Anwani Niliyoichora Kwenye Lori

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, ng'ombe wa baba waliisha kwa kiangazi na mimi nikaacha shule darasa la tatu. Tangu hapo nimelala njaa, nimefukuzwa kazi, nimetukanwa na dereva mbele ya mji mzima. Lakini aibu kama ya leo asubuhi sijaiona.

Wenzangu wa grupu, someni polepole.

Mnanijua. Miaka ya themanini yote nilikuwa tanboi wa lori la Moyale, nikipakia mizigo na kulala juu yake. Udereva nilijifunza kwa kuangalia miguu ya dereva. Kwa hivyo akina mama wa maziwa ya ngamia waliposema wanataka msafirishaji mwenye tovuti, kila mmoja aone kwa simu mitungi yake iliyofika Nairobi, sikuona sababu ya kumwita mtu na cheti chake. Mwezi mzima mimi na Mwenda, mshindani wangu, tumebeba maziwa yao kwa zamu wakitupima. Mmoja wetu angepewa kazi yote. Mwingine arudi kubeba mchanga.

Mwenda akaajiri mtaalamu. Mimi nikanunua kompyuta.

Niliiweka chumbani kando ya kitanda, kwa sababu soketi ya sebuleni ina wazimu. Nikafuata video, nikimrudisha mwalimu nyuma kila aliposema hii ni rahisi. Nikaweka seva. Ikakataa mara tisa. (Mara ya nane niliitukana kwa Kiborana. Haikusaidia.) Mara ya kumi nikaandika anwani pale juu, nikabonyeza, ukurasa ukafunguka: majina ya akina mama kumi na wawili, na mitungi yao.

Na kasi yake! Hata mtandao ukikatika, yangu ilifunguka tu. Nikamwambia mke wangu Amina kwamba hata Nairobi hawana kitu kama hiki. Akasema huenda ni kweli, kwa vile hakuna mtu mwingine aliyewahi kukiona.

Sasa, sisi watu wa malori tukiwa na neno zuri tunaliandika kwenye gari. Jana nikampelekea mchoraji anwani kwenye karatasi, nimeinakili herufi kwa herufi. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia achore, asifikiri. Akachora ubavu wa kulia na wa kushoto, herufi nyekundu zenye kimo cha mbuzi: LOCALHOST:8000.

Leo saa nne nikaegesha lori mbele ya mkutano wa akina mama. Nimevaa kanzu nyeupe. Nikatoa salaam, nikawaomba watoe simu waandike vile wanaona kwenye gari.

Wakaandika. Hakuna kilichofunguka.

Nikawaambia wasubiri mtandao. Mama Habiba, mwenyekiti wao, akainua simu yake juu kama anayeanika nguo. Mwenda naye akajaribu, kisha akaniambia kwa adabu kwamba labda wenye nyumba wametoka. Nikapandisha sauti. Nikasema simu zao ni za bei rahisi. (Yangu pia ilikuwa imekataa. Niliirudisha mfukoni haraka.)

Ndipo Dahabo, katibu wa akina mama, binti aliyesomea mambo hayo, akanikaribia na kuongea chini ili wengine wasisikie. Walisikia.

"Mzee Guyo, hiyo si anwani ya tovuti yako. Hivyo ndivyo kompyuta inajiita yenyewe. Kila simu hapa inajitafuta ndani yake, na haina kitu."

"Na kwangu inafunguka vipi?"

"Kwa sababu iko kwako."

Mama Habiba akasoma ubavu mmoja wa lori, akazunguka, akasoma wa pili.

"Kumbe Guyo, umepita Chechelesi yote ukiwaambia watu wajitafute?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya mtungi. Mwenda aliegemea gari lake, akifuta machozi ya kicheko. Nikashika mlango wa lori niende zangu, maana mchanga nao ni mzigo.

"Unakimbia nini?" Mama Habiba akasema. "Si iko kwako? Twende tuione."

Wakapanda lori wote kumi na wawili, na Dahabo. Wakashuka kwangu Bulla Pesa, wakaingia mpaka chumbani, wakaketi kwenye kitanda ambacho hakikuwa kimetandikwa. Amina alileta chai bila neno, na hilo ndilo baya zaidi.

Kila mama akatafuta jina lake. Mitungi iliyofika, imeandikwa. Na ile mitatu iliyomwagika nikiendesha mimi, nimeandika: imemwagika, kosa la Guyo. Hapo kicheko kikaisha. Mama Habiba akamuuliza Dahabo kama ile ya Mwenda inaonyesha maziwa yaliyomwagika. Dahabo akasema haina hata pahali pa kuandika hilo.

"Basi atabeba huyu," Mama Habiba akasema, akishusha kikombe. "Na wewe Dahabo, mtolee hicho kitu hapa chumbani kiende mahali watu wanaweza kukiona."

Sina cheti mpaka leo. Nina malori mawili, nyumba ya mawe, ploti Chechelesi, shamba la vitunguu Burat, mke mmoja aliyenuna, kazi ya maziwa na tovuti moja. Wiki hii, anayetaka kuitembelea abishe hodi na avue viatu.