Choo cha Wakwe

Gadiel aliiona biashara hiyo kwenye miguu ya mzee mmoja.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki ya mahafali. Ufukwe wa Durban ulikuwa umejaa wazazi waliosafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwaona watoto wao wakivaa majoho. Mzee huyo alisimama karibu na nguzo ya taa, kavaa suti, mguu wa kulia kaupishanisha na wa kushoto, anaitazama bahari bila kuiona. Mtu mwingine angemwonyesha choo kilipo. Gadiel alijiuliza mzee kama yule, katika hali ile, angekubali kutoa kiasi gani.

Kama humjui Gadiel, hujapungukiwa na kitu. Alitoka Same kuja kusoma. Ada waliyomchangia wajomba zake aliimaliza kabla ya muhula wa kwanza kwisha, na tangu hapo anaishi katika chumba cha kupanga Glenwood, kwa kudra za Mungu na ulimi wake. Mali yake kubwa ilikuwa kizibao cha njano kinachong'aa, cha wale vijana wanaolinda magari mjini. Katika mji ule, ukivaa kizibao hicho hakuna anayekuuliza umeajiriwa na nani. Ukisimama nacho kwenye maegesho, maegesho ni yako. Watu wanakupa sarafu, wanakuambia "sharp," yaani poa, wanaondoka. Gadiel akaona kama kizibao kinatosha kumiliki maegesho, basi kitatosha kumiliki na choo.

Vyoo vya pale ufukweni ni vya bure. Nalitaja hili mapema ili muwadharau vizuri watu wanaokuja.

Alfajiri ya Jumamosi alichukua karatasi ngumu za manila, akaandika matangazo kwa Kiingereza, kwa Kizulu na, kwa kuwajali ndugu zake wa Afrika Mashariki, kwa Kiswahili: "Choo hiki ni kibovu. Tafadhali tumia kingine." Akayabandika kwenye vyoo vyote vizima vya kushoto na vya kulia. Akabakiza jengo moja la katikati, lenye mlango wa wanawake upande wa bahari na mlango wa wanaume upande wa barabara. Milango yote miwili akaitia kufuli zake. Karatasi za chooni zote alizikusanya katika mfuko, ili aziuze vipande vipande. Kisha akavuka hadi kwenye mgahawa uliokuwa mbele, akampa sigara mlinzi wake, Mkongo mmoja aitwaye Papy.

"Asiyekula asiingie chooni kwenu," alimwambia. "Hata akilia."

"Sharp, mukubwa," Papy akasema, akaichomeka sigara nyuma ya sikio.

Kufikia saa nne Gadiel alikuwa na foleni. Watu wazima wenye shahada zao, waliojaza fomu za viza bila kukosea, walilipa kuingia choo cha umma kwa sababu aliyewadai alikuwa na kizibao na ufunguo. Hakuna aliyeuliza risiti. Shida ilikuwa moja tu: Gadiel aliogopa mno kunyang'anywa mahali pake hata hakuondoka mlangoni kwa lolote, likiwamo lile lililowaleta wateja wake.

Mchana ikafika familia ya Mzee Absalom kutoka Kisii.

Absalom alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi Wakenya waliokuja mahafali. Uenyekiti huo hakuna aliyempa, alianza tu kuuzungumzia ndani ya ndege na watu wakachoka kubisha. Yeye ndiye aliyekuwa na bahasha ya michango ya karamu ya kesho yake, karamu ya watoto wote, akiwamo binti yake Lynn. Kila mara aliipapasa mfukoni mwa koti. Katika bahasha hiyo mlikuwa na ng'ombe mzima wa mkewe, Nyanchama. Alimwuza ng'ombe wake wa maziwa ili binti yake asiadhimishe mahafali yake kwa aibu, na siku mnunuzi alipomwondoa mnyama yule, mama huyo alijifungia jikoni akalia.

Pamoja nao alikuwa Nigel, mume wa Lynn, kijana wa benki kutoka Nairobi. Lynn mwenyewe alikuwa chuoni kuchukua joho. Nyanchama alikuwa amebanwa. Nigel alikuwa amebanwa zaidi. Na Absalom, ambaye hakuwa amebanwa na chochote, alikuwa amewazuia wote wawili.

"Mkwe na mama mkwe chini ya paa moja?" alisema. "Haiwezekani."

"Baba Lynn, kuna upande wa wanawake na upande wa wanaume," Nyanchama alisema. "Katikati kuna ukuta."

"Ukuta! Na paa je? Kwetu mkwe hata njia ya kwenda choo chako haijui. Tumevuka mipaka mingapi, sasa tuache heshima ufukweni?"

"Mimi naweza ngoja, Mzee," Nigel alisema. Jasho lilikuwa linamtoka katikati ya upepo.

Gadiel alikuwa ameyasikia yote. Akajitokeza, mikono kaifumbata tumboni.

"Shikamoo mzee! Shikamoo mama!"

Kisii watu hawapeani shikamoo. Absalom aliipokea ile moja akavimba nayo.

"Marahaba, kijana, marahaba!"

"Samahani, nimesikia bila kukusudia. Mzee, mji huu umewafikiria watu wenye heshima zao. Hata Wazulu wana adabu ya ukwe, wanaiita hlonipha. Ndiyo maana tuna choo cha wakwe."

"Choo cha wakwe!" Absalom alimgeukia mkewe. "Umeona?"

"Kiko upande mwingine kabisa, mbali na macho. Mama ataingia hapa, mimi nitampeleka huyu ndugu kule. Kina ada kidogo, ya matunzo. Na mama, kama una binti mwingine nyumbani, usimwoze upesi. Nyumba yenye adabu hivi! Kuanzia leo mimi niite mkwe wako."

Absalom alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Lynn, umepata mkwe Durban! Sote ni mashahidi."

Gadiel akamfungulia Nyanchama mlango wa upande wa bahari, kisha akamchukua Nigel. Wakapita minazi. Wakapita gari la aiskrimu, wakazunguka bwawa la watoto, wakakata maegesho, wakatokea barabarani, wakarudi nyuma ya jengo lile lile mpaka kwenye mlango wa wanaume. Nigel, ambaye kazini hukagua hesabu za watu wengine, hakugundua kitu. Hakuwa katika hali ya kukagua.

Mle ndani, Nyanchama alikuwa ananawa mikono aliposikia mtu anaimba upande wa pili wa ukuta. Lilikuwa pambio la kumshukuru Mungu kwa wema wake, limeimbwa kwa hisia zote na sauti mbovu. Sauti ile aliijua. Iliwahi kuwaharibia ibada ya harusi. Nyanchama akafunga bomba, akasikiliza ubeti mzima, akatoka.

Nje alimkuta mumewe ana macho ya mtu aliyeona dhahabu.

"Mama Lynn, hebu fikiria. Wazazi wote hawa wamekuja na wakwe. Kesho baada ya kanisa watajaa hapa. Na choo cha wakwe ni hiki kimoja!"

"Baba Lynn, nimemsikia Nigel ukutani."

"Subiri kwanza. Nina mazungumzo na huyu kijana."

Gadiel alisharudi na Nigel kwa njia ile ndefu, na machoni pa mzee alisoma kila kitu. Akahema kwa huzuni. Alisema haki ya kukiendesha choo ni yake, lakini amepata kazi bandarini, lazima akabidhi leo hii. Kuna mchungaji mmoja ameshakitaka.

"Mchungaji!" Absalom alisema. "Mchungaji anajua nini kuhusu biashara? Kaa chini tuongee. Umekula?"

Akamnunulia chakula, maana mpango mkubwa hauongelewi na mtu mwenye njaa. Chakula chenyewe kilikuwa bunny, ule mkate uliochimbwa tumbo ukajazwa mchuzi wa kondoo, wenye pilipili za Wahindi wa Chatsworth, na soda ya chupa kubwa. Gadiel alikula huku anasimulia faida. Absalom alisikiliza huku anaipapasa bahasha.

"Baba Lynn, jengo ni lile lile," Nyanchama alisema. "Na hiyo pesa ni ya watoto."

"Kesho jioni itakuwa imerudi na watoto wake. Mama, tafadhali, hapa wanaume wanaongea."

Nyanchama akaketi pembeni. Alimtazama Gadiel anavyosimama, anavyobadilisha mguu, anavyokunywa soda. Akaitazama bahasha inavyotoka mfuko mmoja na kuingia mwingine, na ng'ombe wake ndani yake. Akaikaza kanga yake kiunoni.

Gadiel alikabidhi kila kitu kwa unyoofu wa kusikitisha: kizibao, kufuli, funguo na mfuko wa karatasi. Akampa mzee mkono, akamwamkia mama kwa mara ya mwisho, akaenda zake anapiga mluzi.

Hapo ndipo mwenyekiti alipokumbuka kwamba mwenyekiti hawezi kuonekana amekaa mlangoni pa choo.

"Lete hapa," Nyanchama akasema. Akavaa kizibao juu ya gauni lake la maua, akafunga milango yote miwili, akakalia kreti tupu la soda. "Nigel, mwanangu, nenda uangalie vyoo vingine vina nini. Halafu uniambie wewe umeimbia wapi."

Nigel alirudi na matangazo mawili ya manila mkononi. Watu wa usafi, alisema, walipoyaona waliyaamini, wakavifunga vyoo vyote vya jirani kwa kufuli zao wenyewe. Halafu akalizunguka jengo lile, akarudi uso umemshuka.

"Aki, Mama, ni hapa hapa," alisema.

Absalom akajibwaga kwenye benchi la karibu. "Tuite polisi!"

"Uwaambie nini? Kwamba umenunua choo cha bure kwa pesa ya kamati?" Nyanchama aliyakunja matangazo, akayatia mkobani. "Nimelea watoto watano, najua mtu anayejibana. Kijana yule tangu tufike hakuweza kusimama kwa miguu miwili. Na umemlisha pilipili wewe mwenyewe. Kaa hapo tusubiri."

Pilipili ilimkuta Gadiel karibu na gati. Alisimama ghafla, mluzi ukakatika. Akageuza kwenda kwenye choo cha karibu: kufuli. Cha pili: kufuli, na tangazo lenye mwandiko wake. Akakimbia, kama huo unaweza kuitwa kukimbia, mpaka mgahawani.

Papy aliweka mkono mlangoni.

"Non, mon frère, ndugu yangu. Ulisema mutu hakule, haingie."

"Nitakula! Nitanunua chochote!"

"Meza iko full. Panga laini kama bengine." Papy akaelekeza kidole kwenye familia nzima nzima zilizokuwa zinasubiri meza. "Ulisema hata akilia."

Basi Gadiel akarudi alikotoka, kwa hatua fupi fupi, jicho moja limefumba. Mlangoni alimkuta Nyanchama amekaa kwenye kreti, njano imemkaa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umerudi kutusalimu?"

"Mama, ufunguo. Tafadhali."

"Mkwe! Upite mbele yangu kwenda huko? Mbele ya baba mkwe wako? Hapana, kuna choo cha wakwe. Nigel, mpeleke ndugu yako. Umpitishe njia ile ile."

Gadiel alifungua mdomo kueleza kwamba njia ile haina haja, akaona hana muda wa kueleza. Wakapita minazi. Nigel alisimama kuuliza bei ya aiskrimu, hakununua. Wakazunguka bwawa la watoto polepole, wakatokea kwenye mlango wa wanaume, wakaukuta umefungwa. "Pole, buda," Nigel alisema. Wakarudi kwa njia ile ile.

"Mama, mimi si mkwe wako!" Gadiel alilia. "Nilikuwa natania!"

"Unavunja ukwe? Mbele ya mashahidi?"

"Navunja! Nauvunja kabisa!"

"Basi kwetu ukwe ukivunjika, ng'ombe hurudi."

"Ng'ombe nitamtoa wapi hapa, mama yangu?"

"Yumo kwenye bahasha, mfukoni mwako."

Gadiel aliutazama mlango. Aliwaza labda angeweza kufika Glenwood, na tumbo likamjibu. Akaitoa bahasha. Nyanchama aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri, akaitia kifuani, kisha akazungusha ufunguo. Gadiel alipita kwa kasi ambayo haikumpa nafasi ya kushukuru.

"Lete niitunze, Mama Lynn," Absalom alisema, akinyoosha mkono kutoka kwenye benchi.

"Nitaitunza mimi. Kesho utakula na wageni, ukishiba utasema asante, na hutatoa hotuba."

Mzee akarudisha mkono wake mfukoni, ambako hapakuwa na cha kupapasa.

Nyanchama akavua kizibao, akakitundika kwenye kitasa. Watu waliokuwa wanakuja mbio akawaambia waingie bure, kila mmoja akampa karatasi ya kumtosha na zaidi, mpaka mfuko ukaisha. Alikuwa anajifunga kanga waondoke, sauti ikatoka kwenye chumba cha mwisho mle ndani.

"Mama! Mama yangu! Huku hamna karatasi!"

Nyanchama alisimama akafikiri, maana hakuwa mtu wa roho mbaya. Akafungua mkoba wake, akaingia ndani, akainama mbele ya mlango wa chumba cha mwisho, akasukuma kitu kupitia chini yake. Gadiel alikipokea kwa shukrani kabla ya kukitazama. Ilikuwa manila ngumu, yenye mwandiko mzuri wa lugha tatu, na ile ya ndugu zake wa Afrika Mashariki ilikuwa chini kabisa: Tafadhali tumia kingine.