Nyundo ya Baraza

Alhamisi, 7 Septemba 1911

Ngaa! Sauti hiyo mpaka sasa nimelala nayo, nimeamka nayo, nimetwanga mtama nayo. Ni ya kipande cha reli kilichosalia wakati njia ya gari la moshi ilipopita hapa kwenda Dodoma. Kimening'inizwa mbele ya nyumba ya Akida Halfani. Bashiri, tarishi wake, akikigonga kwa nyundo, baraza limefunguliwa. Akikigonga tena, limefungwa, na hata mwenye kuuawa hasikilizwi mpaka Alhamisi nyingine.

Leo nilisimama. Mwanamke, peke yangu, bila mwanamume wa kunisemea! Nikafika kwenye maneno "Bwana Akida, sisi", ndipo Bashiri akagonga.

Hiyo "sisi" bado iko hewani pale uani.

Jambo lenyewe ni kisima cha mchangani, kule korongoni. Akida amekizungushia miiba ili punda wake wanywe bila kusumbuliwa. Sisi tunakwenda kuchota ng'ambo ya kilima. Mama ana mguu mbovu. Anatoka alfajiri, anarudi jua la utosi, na mtungi nusu. Hataki niende badala yake. Anasema mimi nimesoma, nikae na kitabu changu. Nakaa nacho, lakini hakuna ninachosoma.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimepata njia. Nikikatazwa mimi, maneno yangu hayakatazwi. Mjomba Matonya ni mwanamume, ana sauti, na anapenda kutazamwa. Nimemtungia hotuba. Inaanzia uumbaji wa maji, inapita kwa Wana wa Israeli jangwani, inaishia korongoni kwetu. Nililia mwenyewe nilipoimaliza.

Mjomba alisikiliza yote, halafu akauliza ng'ombe wanaingia wapi. Nikamwambia hakuna ng'ombe. Akasema hotuba isiyo na ng'ombe hajawahi kuisikia.

Ruthu alipita na mtungi. Tulisoma naye misheni Mpwapwa, na mpaka leo anakumbusha watu kwamba kwenye kuimba alinishinda. Hasemi kwamba kwenye insha nilimshinda mimi. Akaisikia hotuba akiwa amesimama, mtungi kichwani, kisha akaniambia kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba Akida atakuwa amelala kabla Musa hajavuka bahari.

Wivu.

Alhamisi, 14 Septemba

Sijui niandike nini. Niandike ukweli.

Mjomba alisimama vizuri. Akamsalimu Akida shikamoo, akakunja nguo yake begani, akasema, "Hapo mwanzo palikuwa na maji." Watu kimya. Kisha akamwona Mazengo upande wa pili. Mazengo! Mwenye dume lililoingia shambani kwa Mjomba wakati wa masika! Mjomba akasema hapo mwanzo palikuwa na maji, na baada ya maji pakawa na dume la huyu hapa.

Baraza zima liliamka. Kila mtu ana neno juu ya ng'ombe. Akida akaamua kwamba Mazengo alete mbuzi. Ngaa!

Mjomba alinishika mkono njia nzima, akinisifu. Anasema maneno yangu yana nguvu sana.

Mama amerudi kutoka ng'ambo ya kilima akiwa amevimba goti.

Jumapili, 17 Septemba

Wakati wa mahubiri nimefunuliwa mpango mpya. Nitazimia.

Nitazimia barazani, mbele ya Akida, kwa kiu. Ruthu atapiga kelele, "Maji! Maji!" Maji hayatakuwapo. Akida atauliza kwa nini hayapo, na hapo jambo litakuwa limejisema lenyewe. Ruthu alikubali kwa sharti kwamba nitamwachia kuongoza wimbo wa Krismasi. Nimekubali. Watu wakubwa hutoa vitu vikubwa.

Nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba yetu. Bibi Anyesi, mama wa mama yangu, alinikuta chini mara mbili. Mara ya pili aliniruka tu akaendelea na safari yake.

Alhamisi, 21 Septemba

Nimelowa. Nimefedheheka. Nina furaha. Niandike kwa utaratibu.

Nilizimia vizuri sana. Ruthu akapiga kelele, nitampa haki yake, ana sauti. Bashiri akaitupa nyundo yake chini, akakimbia nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo ya maji ya punda, akanimwagia yote. Yote! Pamoja na majani.

Akida akawaonyesha watu ule mtiririko kwa fimbo, akasema wenyewe wanaona, maji yapo, na mwenye kulalamika leo alalamike juu ya kitu kingine.

Nilitaka kuzimia kweli.

Ndipo Bibi Anyesi akainuka kutoka miongoni mwa wanawake, polepole. Akamwendea Bashiri, ambaye bado alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili, akaiokota nyundo, akaiweka chini ya kivuli cha reli, akaikalia.

Bashiri ni Mhehe, ijapokuwa amesilimu na anavaa kanzu. Sisi Wagogo ni watani wao. Mtani akichukua kitu chako mbele za watu, hukasiriki. Unakigomboa kwa anachotaka.

"Mtani," Bibi akamwambia, "nyundo yako nimeiatamia. Subiri ianguliwe."

"Bibi, wewe ufe tu," Bashiri akasema. "Nitakuja matangani ninywe pombe yote, halafu nikuzike kichwa chini."

"Pombe utapikia maji gani, mwanangu? Ya punda?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Akida akaamuru nyundo irudishwe. Bashiri akamjibu kwa heshima kwamba hawezi kumnyang'anya mtani, kwao watamcheka mpaka kaburini. Akida akaamuru baraza lifungwe bila nyundo. Wazee wakatazamana, wakasema baraza halijawahi kufungwa hivyo, na hakuna aliyeondoka. Harufu ya wali wa Akida ikatoka ndani. Jua likapanda. Akida akakaa, akasimama, akakaa.

Mwishowe akamuuliza Bibi anataka nini. Kuku? Nguo?

"Miiba itoke kisimani," Bibi akasema. "Punda wanywe baada ya watoto."

Akida akautazama mlango wa nyumba yake, wali ukamwita, akakubali. Mbele ya wote.

Na nyundo ilikuwa bado chini ya Bibi! Chuma hakiwezi kulia! Nikasimama, maji yananichuruzika, nikasema, "Bwana Akida, sisi", na kimya kikaendelea. Nikaanza hotuba. Uumbaji nikaumaliza wote. Nikaingia Misri. Nikawatoa Wana wa Israeli, tukafika kwenye yale maji machungu, nikaona watu wametulia kabisa. Ruthu anadai walikuwa wamechoka.

Ndipo Bibi Anyesi, damu yangu mwenyewe, akainuka na kumnyoshea Bashiri nyundo.

"Mtani," akasema, "gonga."

Ngaa!

Jumapili, 24 Septemba

Miiba imeondolewa. Jana Mama alikwenda kisimani baada ya chai, akarudi kabla moto haujazimika, mtungi umejaa mpaka shingoni. Alikaa mlangoni na miguu ameinyosha, akaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mavuno. Nimejificha ndani nikasikiliza.

Nimekwenda kumshukuru Bibi. Nilimuuliza, je, ningeweza kuichukua nyundo mimi? Akanieleza kwa subira: utani hufanywa mchana, mbele ya watu, kwa kicheko. Anayechukua gizani, bila mtu kujua, ni mwizi, hata awe mtani wa nani. Tena nisijaribu, kwa kuwa uso wangu hauna utani.

Nimemwelewa vizuri. Ni mafundisho mema, nimeyaandika hapa niyakumbuke.

Lakini Alhamisi baraza linakaa tena. Na Wana wa Israeli siwezi kuwaacha pale jangwani. Bado kuna mwamba, kuna korongo letu, na nimeongeza sehemu juu ya njia ya mbuzi kufikia kisima. Ruthu amesikia sehemu hiyo. Amesema atakuwa mgonjwa siku hiyo.

Nyundo iko ndani ya kilindo cha Mama cha kuwekea nafaka, chini kabisa ya mtama. Iko humo tangu jana usiku.