Madodoso Niliyojaza Mezani kwa Dada

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kibarua! Wizara imetoa ajira za muda kwa tuliopunguzwa kazini, na mimi ni miongoni mwa wanaopima kama zinasaidia. Madodoso mia mbili, nyumba kwa nyumba, wiki mbili. Dada yangu mkubwa anazibua mitaro katika mpango huohuo. Ndiye anayenilisha tangu kiwanda cha sabuni kifungwe. Kanisihi niandike ukweli tu. Kana kwamba mimi mwongo!

Jumanne, 4 Machi
Jua kali. Nyumba saba tu. Fundi cherehani mmoja kanisimulia maisha yake yote kwa swali la kwanza. Mwenzangu, tunayemwita Kalamu Mbili, kamaliza kumi na tisa. Kiherehere!

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili. Majina ninayo, maswali nayajua. Miguu ya nini? Nimekaa mezani kwa dada, nikajaza. Mkuu wa kitengo anapenda habari njema, basi kila mtu nimempa ahueni. Fundi cherehani nimemfungulia duka. Dada nimemfanya msimamizi wa ghala. Anastahili, masikini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekabidhi wa kwanza! Mkuu kanipa mkono mbele ya wote. Kalamu Mbili bado yuko mitaani, viatu vimeachama. Taarifa yangu imepelekwa juu leo hii, haikumsubiri mtu.

Ijumaa, 14 Machi
Wizara imetangaza kwamba tathmini imeonyesha wananchi wamejikwamua. Lengo limetimia, mpango umefungwa. Dada karudi saa nne asubuhi, buti za mpira mkononi. Kauliza ni akina nani hao waliojikwamua, maana kwenye mtaro wao hakumwona hata mmoja. Nikamjibu kwamba takwimu ni jambo gumu. Hakulia. Aliziosha buti taratibu, akazisukuma uvunguni. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumatatu, 17 Machi
Mkuu kaniita. Malalamiko yamezidi, wizara inataka kujua upesi kama kuna sababu ya kufungua mpango tena. Kazi kanipa mimi, kwa kuwa namaliza mapema. Kalamu Mbili kanuna!

Nitarekebisha kila kitu. Safari hii sitampa mtu ahueni hata kidogo. Nimeshakaa mezani. Fundi cherehani nimempa kiharusi. Wengine wote hoi kitandani. Dada nimemvunja mgongo, hawezi tena kushika koleo wala kazi yoyote. Wakisoma hivyo lazima wamrudishe mtaroni.

Sasa hivi kavuta kigoda, kakaa mbele yangu. Anasema nimuulize yeye kwanza, yuko tayari, ana mengi ya kusema.

Nimemwambia asijisumbue. Lake nimeshalijaza.